Hekta Mia Nne na Sitini

Kaka yangu alipima msitu miaka thelathini na moja, na mtu akikuambia kazi hiyo ni kutembeatembea tu na kuhesabu miti, mwambie nimesema mimi kwamba hana adabu. Kila baada ya miaka mitano alipanda mlimani na kamba, rangi na vigingi, akauzunguka msitu wa asili wote, ule unaojiotea wenyewe bila mtu kupanda kitu. Alipima unene wa mashina usawa wa kifua, akapiga magoti kuhesabu miche. Ofisini walimwita Futi, naye hakuchukia. Mimi nilikuwa karani wa ofisi hiyohiyo, na fomu zake zote nilizichapa mimi. Kwa hiyo haya sikuyasikia kwa jirani.

Fomu yenyewe ilikuwa na mlango wa uani. Sehemu ambayo mpimaji ameshindwa kufika, aliruhusiwa kuandika "kama awali", na makao makuu wakarudia namba ya zamani. Ruhusa hiyo waliiweka kwa ajili ya mafuriko na maradhi. Lakini wapimaji nao ni binadamu, na ile miteremko si sebule ya mtu.

Zamu ya kwanza aliyoikwepa, simlaumu. Wifi yangu, mkewe, alikuwa amelazwa, na kaka alishinda kwenye benchi la hospitali wiki tatu. Upande wa nyuma wa mlima, ambao ni hifadhi yenye hesabu yake, akaandika kama awali. Zamu ya pili daraja lilikuwa limekatika. Angeweza kuzungukia mbali, hakuzungukia. Zamu ya tatu ilikuwa uvivu mtupu. Eti goti! Goti gani hilo ambalo halikukosa harusi hata moja ya ukoo? Nami nikachapa mara zote tatu, hekta elfu moja mia nane na arobaini, wala sikuuliza kitu. Chai yangu ilikuwa inapoa.

Mwaka wake wa mwisho kazini, sijui pepo gani lilimpanda, akaenda kule nyuma. Alikaa huko siku tisa. Aliporudi hakupitia hata nyumbani, alikuja moja kwa moja mezani kwangu na matope yake.

"Mdogo wangu, hakuna msitu kule."

"Hakuna vipi?"

"Kimebaki kipande. Mia nne na sitini. Kwingine kote visiki, na vingi vimeshaoza. Waliokata hawakukata jana."

Niliinuka nikafunga mlango. "Kaka, nisikilize. Umebakiza miezi minne. Andika ulichozoea kuandika, chukua barua yako ya kustaafu, kapumzike. Unataka kumwaga unga uzeeni?"

"Nikisema kweli watakilinda kilichobaki. Miche imejaa mle ndani, imejiotea tele. Kikiachwa miaka ishirini, kitapanuka chenyewe."

"Na wakikuuliza ulikuwa wapi miaka kumi na tano?"

"Nitawaambia nilikuwa wapi."

Nilimwita mjinga, Mungu anisamehe. Halafu nikachapa. Yeye akasaini, akaambatanisha na barua ya kukiri makosa yake, zamu moja baada ya nyingine, bila kujitetea.

Walimkaanga vilivyo. Bosi, mtu ambaye mlima ule aliuona kupitia dirishani tu, alimsomea barua ya onyo mbele ya ofisi nzima. Wapimaji wenzake, ambao fomu zao nazijua kuliko wake zao wanavyowajua wao, ndio waliocheka zaidi. Kaka alimeza yote. Kila asubuhi alipita mezani kwangu kuuliza kitu kimoja tu: makao makuu wamesemaje kuhusu kile kipande?

Siku ya siku bahasha ikaja, nikaifungua. Wanamshukuru mpimaji kwa takwimu sahihi. Wanaarifu kwamba, kwa kuwa eneo limepungua chini ya hekta mia tano, halina tena sifa ya kuwa msitu wa asili wa hifadhi. Linaondolewa kwenye orodha. Kilichobaki kitafyekwa, na upande huo mzima wa mlima utapandwa miti ya mbao inayokua haraka, yote ya aina moja, kwa mistari. Chini wakaweka jedwali kuonyesha kwamba baada ya hapo eneo la misitu ya nchi litakuwa limeongezeka. Limeongezeka!

Nilitamani kuichana. Nikampa. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Kumbe ningenyamaza, kingekuwepo," akasema.

Nilipomwambia anyamaze nilikuwa nafikiria kiinua mgongo chake, si miti, kwa hiyo hata kujisifu kwamba nilimwonya siwezi.

Siku mashine zilipoanza kufyeka, kaka alikuwa ameshastaafu. Wifi alinipigia simu asubuhi akilia: amevaa viatu vyake vya kazi, amepanda mlimani, kamfuate. Nikamfuata mbio. Nilimkuta amesimama mbele ya buldoza, mikono mifukoni, hapigi kelele wala nini. Dereva alikuwa ameshashuka. Kijana mpole, hata sura ya ukorofi hana.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba utupishe."

"Marahaba. Huu ni msitu wa asili, mwanangu. Huruhusiwi."

"Tuna ruhusa, mzee. Hii hapa." Akatoa karatasi zilizobanwa pamoja, akazifunua moja moja kwa heshima. Ya mwisho niliijua kabla hajaifikia, maana niliichapa mimi. "Mtaalamu wa misitu mwenyewe amepima. Ameandika na kusaini hapa, ona."

Kaka aliipokea ile karatasi, akapitisha kidole mpaka chini. Niliomba Mungu aseme si yake.

"Ni kweli," akasema. "Hii ni saini yangu."

Dereva akamtazama, akanitazama mimi, akachukua karatasi zake taratibu. Akamwomba asogee pembeni asije akaumia, na kaka yangu akasogea.