Gari Langu, Jina la Shemeji

Siku ile ya mpakani Tunduma naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Kaa chini unisikilize. Jana pale gereji Jeppestown ulinionyesha gari lako jipya la kurudia nyumbani, ukacheka ukisema umeliandikisha kwa jina la mwenye nyumba wako kwa sababu foleni ya ofisi ni ndefu. Sikucheka. Nilimaliza chai yangu nikaondoka, maana ningebaki ningekutukana mbele za watu.

Mimi langu nililinunua mwaka 2015, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nilikuwa fundi wa pampu za maji huko Diepsloot. Siku za kazi lilibeba mabomba, Jumapili lilibeba watoto. Lakini nia yangu ilikuwa moja: nitakaporudi kwetu Mbozi, nimbebe mama. Miguu yake ilishaanza kukataa. Masika barabara ya kijijini inageuka uji, pikipiki hawezi kupanda tena, na hospitali iko Mbeya.

Sasa sikia ujinga wetu. Hapa Johannesburg tumezoea: ukinunua gari, unatafuta ndugu mwenye kitambulisho cha hapa, jina linakuwa lake. Mimi nilikuwa na kibali halali, ningeweza kuandika langu. Lakini dada yangu Neema ameolewa na Themba, Msauzi aliyeishi Morogoro enzi za ukimbizi wao, mtu mwema ajabu. Nikaona nikidai jina liwe langu, nitaonekana namtilia shaka.

Themba mwenyewe alinikataza. "Shemeji, hii gari ni ya kwako. Andika jina lako."

"Eish, shemeji, kwani sisi si ndugu?"

"Undugu tutaula na pap, ugali wetu, nyumbani. Ofisini wanataka jina."

Nikamng'ang'ania mpaka akatia sahihi. Ndevu zilishaanza kuota mvi, akili bado ya kijana.

Mwaka 2018 nikaamua kurudi. Kule mtaa wa Observatory, baada ya ibada, wanaume tulikaa kwenye nyama choma na kila mmoja alikuwa mwanasheria. "Anayerudi nyumbani moja kwa moja anasamehewa ushuru wa gari moja." Wote wakaitikia. Na ni kweli, mwanangu, ndiyo maana nina hasira nao mpaka leo: waligawa nusu ya sheria kama karanga. Nusu ya pili hakuna aliyeijua, wala aliyesema haijui. Gari lazima liwe mali yako mwenyewe, na uwe umelitumia huko ugenini si chini ya mwaka mzima. Nami sikumuuliza yeyote mwenye kazi hiyo. Nilishiba nyama, nikaridhika.

Themba akanihamishia jina siku chache kabla ya safari. Nikauza vitanda, nikauza kabati, nikaaga majirani.

Tunduma alinipokea ofisa mmoja wa ushuru, mama mpole. Akasoma hati ya gari.

"Hili ni la nani?"

"Langu, dada."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu naliendesha."

"Sikatai kuliendesha, kaka yangu. Lakini limekuwa lako mwezi huu."

Msamaha ukaishia hapo. Ushuru wakaupiga kwa thamani iliyomo kwenye jedwali lao, si kwa bei niliyonunulia, na juu yake ushuru wa uchakavu, kwa kuwa gari lilikuwa na umri mkubwa. Sikuwa na uwezo huo hata robo. Nikafoka, nikapiga meza, nikamwita mama yule majina ambayo sitayarudia. Alinirudishia hati yangu, akamwita anayefuata. Alikuwa amesema kweli.

Mama yangu alikuwa ameletwa na jirani kunipokea. Wakamruhusu kuingia uani gari lilipoegeshwa. Akaomba tumpandishe kiti cha mbele. Akakipapasa kiti kwa kiganja, akatazama mbele kama vile tunaondoka.

"Kinafaa," akasema. "Haya, nishusheni."

Hakukipanda tena. Nilirudi Johannesburg na gari langu, watoto wakalala sakafuni katika nyumba tupu, kwa kuwa bila gari nisingekuwa na kazi Mbozi. Masika yaliyofuata mama alizidiwa. Watu wanne walimbeba kwa machela kwenye matope kwenda kutafuta gari barabarani, akafia njiani. Gari lake lilikuwa hapa mlangoni kwangu, limeoshwa.

Unanielewa sasa kwa nini sikucheka? Wazee walisema cha kuazima hakisitiri maungo, na jina la kuazima ndilo la kwanza kukuacha uchi. Kesho asubuhi nenda kwenye foleni hiyo unayoikimbia. Andika jina lako, na mwaka wako uanze kuhesabiwa hapo; usifunge mzigo kabla haujatimia. Waulize watu wa ushuru wenyewe, uwasikilize mpaka mwisho. Atakayekuona huna undugu kwa sababu umetaka jina lako, mwache akuone hivyo.

Mama yako angali hai huko nyumbani. Mungu akufikishe kwake salama, mwanangu. Apande kiti cha mbele, na asishushwe mpaka mfike.