Sahani Moja ya Kunde

Watu wa Arua wakisikia kwamba nilipika kwa masista wa Kizungu, huniuliza kama nilikuwa napika keki. Keki wapi! Nilikuwa napika kunde. Na aliyekuwa mkuu wangu jikoni alitoka huko huko Italia, kusini kabisa, mahali panapoitwa Puglia, kwenye kisigino cha nchi yao, ambako mama yake alilima shamba la mtu mwingine maisha yake yote. Asiyeamini, shauri yake.

Mimi ni mtoto wa askari, mzaliwa wa Koboko, Mwislamu, na Kiswahili changu ni cha kambini. Kazi kwa masista niliipata baada ya kufiwa na mume, nikawa natembea kila asubuhi kutoka mtaa wa Awindiri mpaka kwao. Siku za mwanzo sista mzee, huyo mkuu wangu wa jikoni, alinionyesha maharage makubwa ya kwao, makavu, aliyoletewa kwenye mfuko. Aliyamenya ganda, akayachemsha mpaka yakawa kama uji mzito, akaweka kando yake mboga chungu alizochuma mwenyewe kwenye majani nyuma ya kanisa, akamwagia mafuta ya zeituni. Akasema kwao hicho ni chakula cha watu wasioijua nyama. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, Sista, hiki mama yangu anapika Koboko siku zote. Kunde zinamenywa hivyo hivyo, zinalainishwa kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu, juu yake unatia mafuta ya lulu, yale yanayotokana na mbegu za mti wa porini. Alinikodolea macho kama mtu aliyeibiwa.

Tangu hapo tukawa wagomvi. Maharage yake yalipokwisha tulihamia kunde za sokoni, na mafuta ya zeituni yakayapisha ya lulu, lakini majivu aliyakataa kabisa. Jivu ni la kusugulia sufuria, alisema. Nikamwambia kunde bila jivu zinamaliza kuni bure. Akasema kuni si za baba yangu. Mkaidi huyo, na mimi sikuzaliwa mpole. Tukishachoka kugombana tunakaa tunafinya unga wa ngano kwa kidole gumba, vipande vidogo mfano wa masikio ya panya, vya kuchemsha pamoja na mboga zile zile chungu. Au tunaanika rojo la nyanya juani kwenye ubao, na yeye anafukuza kuku kwa lugha ya kwao, matusi matupu nadhani. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaodhani mpishi hampendi mtu ila kwa kutumwa.

Halafu miguu yake ikakataa kazi. Wakati huo tulikuwa tumepata Mama Mkuu mpya, mtu wa mbali, mwenye roho nzuri na sheria nyingi. Sista mzee akahamishiwa chumba cha mwisho barazani, akawa anapelekewa chakula kwenye sinia: supu ya kuku, wali laini, viazi vya kuponda. Sinia linakwenda limejaa, linarudi limejaa. Mama Mkuu alihangaika naye, simsingizii. Alileta daktari, alinunua dawa, alimbembeleza. Mzee akazidi kukauka. Mwisho barua ikaenda Italia, na jibu likawa kwamba atakuja mkubwa wao mmoja, na akimkuta bado hataki kula, atamrudisha kwao akatunzwe.

Sista alilia siku hiyo, na sikuwahi kumwona akilia. Ndugu zake wote walikwisha kufa. Makaburi ya wenzake aliokuja nao yako hapa Arua, na yeye alikwisha kuchagua mahali pake pembeni yao. Akaniambia, "Kule mimi iko mugeni."

Nikapandwa na hasira. Nikampikia kunde kwa namna yake, bila jivu. Zikarudi. Nikampikia kwa namna yangu, kwa jivu, angalau tugombane. Zikarudi vile vile. Basi nikaingia chumbani nikasimama mbele yake nikamuuliza anataka nini hasa, maana uvumilivu ulikuwa umeniishia. Akasema kunde hazina ubaya. Kwao, akasema, sahani ilikuwa moja, kubwa, ya udongo, katikati ya meza, na kila mtu alikula kutoka upande wake. Aliyepewa sahani ya peke yake ni mgonjwa wa kufa, au mtoto aliyefanya kosa.

Kwani kwetu si ndivyo? Huku mwenye kupika huonja kwanza, mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu, kisha mnakula pamoja. Chakula kinachowekwa mezani na mwenye nacho akaondoka zake, nani mwenye akili atakigusa? Na sisi ndivyo tulivyomfanyia kila siku, tena kwa kitambaa cheupe juu ya sinia.

Nikaenda kwa Mama Mkuu, nikamwomba ruhusa nile na mzee sahani moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mpishi hali chakula pamoja na masista, na mgonjwa anahitaji utulivu. Nikarudi jikoni. Kuondoka kwangu si kukubali, lakini yeye alikuwa bado hajanijua.

Siku ya mgeni huyo wa Italia, chumba cha kulia kilipambwa, kukawa na kuku, chipsi, na makaroni ya pakiti. Sinia la mzee liliandaliwa na kitambaa chake. Nililiacha pale pale. Nikamwinua sista kitandani, nikamshika kwapani, tukaenda pole pole mpaka jikoni kwangu nyuma, nikamketisha kwenye benchi. Nikapakua kunde kwenye sahani moja, zina jivu, zina lulu, mboga chungu kando, na bonge la ugali wa mtama na muhogo. Tukanawa. Nikaonja mimi kwanza. Naye akamega.

Alikuwa ameshamaliza upande wake na kuanza kuvamia wangu, nami nimempiga kofi mkononi arudi kwake, Mama Mkuu alipotokea mlangoni na mgeni nyuma yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba huu si utaratibu wa nyumba.

"Mama, huo utaratibu ndio unamuua," nikamwambia. "Kesho unifukuze. Leo ninakula na mzee wangu."

Sikuinuka. Mgeni akampita, akaingia ndani. Nilidhani ataita watu. Kumbe alivuta kigoda, akaomba maji ya kunawa, akamega ugali vibaya, kama watu wote wanaoanza. Alipokwisha kula akamuuliza mzee kitu kwa Kiitalia, huku akitoa tiketi ya ndege mfukoni.

Sista alimjibu kwa Kiswahili, makusudi, ili nisikie.

"Mimi hapana kwenda. Iyo tiketi mupe huyu, aende kuona kwetu."

Mgeni akanigeukia, kama kwamba jambo hilo linawezekana. Nikamwambia hapana, ahsante, na mimi siendi. Kesho mzee atakula na nani?