Mafundo Mawili, Nyumbani

Siku yangu ya kwanza mnadani Karatu niliajiriwa kusimama. Chekeni tu, vijana. Dalali Mkuu, bosi wangu, alishinda na fedha kiunoni tangu asubuhi, asinunue hata mbuzi, na jioni akasema, "Leo tumefanya kazi." Nikadhani mzee amerukwa na akili.

Tulikuwa wachuuzi. Mchuuzi hununua ng'ombe asubuhi kwa mfugaji na kumuuza kabla jua halijazama kwa wachinjaji wa Arusha. Hakubali kulala naye hadi kesho. Dalali Mkuu alikuwa na kipande cha kamba. Kila akipata hasara alipiga fundo. Likifika la pili anaondoka, hata soko lichangamke vipi. "Mafundo mawili, nyumbani," alisema. Mnada uliofuata aliyafungua, akaanza upya. Ila fundo moja la juu kabisa, lililokauka likawa jeusi, hakuligusa.

Nami nilipewa kamba mwaka wa ukame, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mama, kule Endamarariek, alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho ili nipate mtaji. Fedha hizo ndizo zilizokuwa ugali wa nyumba nzima, na bei zilikuwa zikishuka mchana kutwa. Nilishapiga fundo la kwanza, akaja mzee wa Kimaasai na dume la madoa, loo, nundu ile! Nikanunua. Kufika saa nane wachinjaji walikuwa wakitaja bei ya chini kuliko niliyotoa mimi.

"Uza," alisema Dalali Mkuu.

"Mzee, tazama Ngorongoro! Mawingu yale! Mvua ikinyesha, huyu atapanda bei."

"Mawingu hayanunui ng'ombe. Uza."

Yule mzee wa Kimaasai akacheka. "Ero, kijana, mawingu hayo sisi tunayatazama tangu mwezi wa tatu."

Niliuza kwa hasira, machozi yakinilenga. Nikapiga fundo la pili, nikamnunulia mama gunia la mahindi kwa fedha iliyobaki, nikaondoka. Mvua haikunyesha. Mnada uliofuata malori ya Arusha hayakuja, na wenzangu waliolala na ng'ombe wao walikuwa wakiuza ngozi. Nilimtazama Dalali Mkuu na kikamba chake kama vile sijawahi kumwona. Jamani, mtu yule hakujua mvua itanyesha lini, wala hakujidai kujua!

Nilifanya naye kazi hadi alipoacha, kisha nikawa dalali mwenyewe hadi magoti yalipogoma. Siku hizi nashinda barazani, na kamba yake ninayo. Wajukuu wamejaribu kulifungua fundo lile jeusi kwa kucha na kwa meno. Nawagombeza waliache.

Siku aliponikabidhi kamba ile nilimuuliza habari za fundo lile.

"Hilo ni la fedha za mama yangu," alisema. "Nilisubiri mawingu."