Tanuri Lisilo na Joto, Mpakani Muyinga

Ukitaka kucheka, cheka. Mi nilikuwepo, macho yangu yalikuwa mazima, na sijawahi kuota mchana.

Bwana wangu, Saidi, ni wa ukoo wa wayeyusha shaba wa Muyinga, kwenye mji mdogo ulioshikana na mpaka. Mawe ya shaba yalitoka ng'ambo, Tanganyika, makaa yalitoka kwetu, na mpaka haukumzuia mtu. Uhuru ulipokuja, wakaja askari na kizuizi, mawe yakaacha kuja. Baadaye zikaja vurugu, watu wakakimbilia ng'ambo, mji ukawa nyasi. Baba yake mkubwa, Ramadhani, fundi wa mwisho pale, alikimbia pia. Hatukupata habari zake tena.

Sisi tulikuwa tunakaa Nyamugari, Gitega. Siku moja Saidi akataka twende Muyinga tukafukue fuawe la ukoo, chuma cha kufulia shaba, lililofukiwa kwenye mji ule. Tukafika saa sita, jua kali. Utaniamini nikikwambia tulikuta tanuri linawaka? Wanaume sita walikuwa wanavukuta mivukuto ya kupulizia moto. Katikati yao, Ramadhani.

Saidi akasimama. "Mama Zena, mi naogopa."

Mimi ndiye niliyemsukuma. "Si baba yako mukubwa? Nenda umusalimie. Ni aibu kusimama mbali."

Akaenda. Mzee hakuitikia salamu. Alisema tu, "Saidi, shika hapa. Nimechoka."

Akashika mpini wa mvukuto, akaanza kuvukuta.

Shaba ikaanza kutiririka, nyekundu. Nikasogea nimpe bwana wangu maji, na hapo moyo ukanilipuka: nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye moto ule, na joto hakuna. Wallahi, baridi kama kisimani.

"Saidi, wacha! Tuende!" Nilimvuta shati hadi likachanika. Machozi yalimtoka.

"Mikono haiachi," alisema. "Haiachi."

Niliwaomba wale watu. Hakuna aliyegeuka. Ningefanya nini? Nilikaa chini nikalia.

Jua lilipoinama tulikuwa peke yetu kwenye nyasi, Saidi anavukuta hewa.

Baadaye msafiri akatuletea habari: Ramadhani alikuwa amefia ng'ambo, zamani.

Tumezunguka kwa mashehe, kwa mapadri, kwa waganga wa Bukirasazi. Bado kila saa sita mikono inaanza. Nikiifunga kwa kitenge, mabega yanaendelea. Huwa namshikia kikombe tu, nangoja.

Wewe unayenisikia, mtu wako akikwambia anaogopa, mwamini. Geuzeni njia, mrudi nyumbani.