Asubuhi Baba Aliponiita Asya

Jirani yangu hapa Samail ana mbuzi wanne, na kila akiwakatia majani, harufu hupanda mpaka dirishani kwangu. Ni yale majani mabichi ya mifugo ambayo watu wa huku huyaita gati. Yakikatwa tu hutoa harufu tamu kidogo, kama maharage mabichi yaliyopigwa na mvua. Wageni wangu huisifu. Mimi viganja hunitoka jasho. Nimeshazoea: nafunga dirisha, nafuta mikono kwenye nguo, narudi kwenye shughuli zangu. Lakini juzi binti yangu aliniuliza kwa nini, na nikatambua kwamba jambo lenyewe sijawahi kumsimulia mtu kwa urefu wake. Basi nakusimulieni nyinyi kwanza, ili nikikaa naye niwe najua pa kuanzia.

Nilikuwa na miaka tisa, na tulikuwa tukikaa Ibra. Baba alizaliwa Unguja mjini akaja huku nchi ya Waarabu akiwa kijana, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya chakula, ya ugomvi na ya mapenzi. Kiarabu kilikuwa cha shule na cha wageni. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa mafaili na mihuri, mwenye kunyoosha kanzu yake kila anapokaa. Lakini joto la mwaka likishavunjika, siku ya Ijumaa alikuwa mtu mwengine. Alitundika darubini shingoni, akatia daftari mfukoni, tukaenda kutazama ndege.

Ndio majira yao hayo. Huteremka kutoka nchi za baridi makundi kwa makundi, wakapumzika huku siku mbili tatu penye maji na majani, kisha wengine wakaendelea na safari yao kusini. Baba akiona mbayuwayu juu ya shamba alikuwa akisema, "Hao wanakwenda kwetu. Watafika kabla yangu." Alisema hivyo kila mwaka, na kila mwaka alicheka peke yake.

Kitu kimoja zaidi lazima mkijue. Baba alikuwa na maradhi ya sukari. Kila asubuhi alijichoma sindano ya tumboni, na Mama alikuwa kama askari wa forodhani: kitu kitamu hakipiti. Halua ikija nyumbani ililetwa ikafichwa, na sisi watoto tuliilia jikoni tumesimama. "Sukari kwa babako ni sumu," Mama alikuwa akituambia, na mimi niliyaamini maneno hayo kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza.

Ijumaa hiyo ninayoisema, Mama alikuwa amekesha na mdogo wangu aliyeshikwa na homa, na baada ya sala ya alfajiri alipitiwa na usingizi. Baba akaniamsha kwa kunigusa kidole cha mguu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Vaa viatu vya kufunga, leo kuna tope."

Kapu la chapati na chupa ya chai lilikuwa mlangoni, Mama alishaliandaa. Baba alijichoma sindano yake mbele ya friji, akalitazama kapu, akasema tutakula hukohuko. "Ndege hawasubiri chapati," akasema. Mama angekuwa macho, asingetoka mtu kabla Baba hajala.

Tulikwenda mpaka nje ya Mudhaibi, kwenye shamba moja kubwa ambalo mwenyewe alikuwa amempa Baba ruhusa ya kuingia. Gari tuliliacha getini, kapu likabaki ndani, maana Baba alisema tutazunguka mara moja tu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Mabomba ya kunyunyizia yalikuwa yakizunguka polepole, chaka-chaka-chaka, na nyuma ya maji yangeyange walitembea kwa mstari kama wanafunzi. Hudihudi mmoja alikuwa akichoma ardhi kwa mdomo wake mrefu. Baba alinipa darubini, akaninong'oneza jina la kila mmoja, na mimi niliandika kwenye daftari kwa hati yangu ya kubingirika.

Upande wa pili wa shamba palikuwa na mwanamke anakata majani. Alikuwa bibi wa makamo, wa watu wa jangwani, amevaa barakoa ile ya kwao yenye uti mgumu katikati ya pua. Nilimwelekezea darubini kwa makosa, nikamuona kwa karibu sana: macho mawili meusi na ule uti mbele yake uliochongoka, sawasawa na kipanga. Mkononi alikuwa na mundu. Nilishusha darubini haraka. Wanawake wa barakoa nilikuwa nikiwaogopa siku zote, kwa sababu ambayo kwa mtoto ni kubwa: huwezi kujua kama wanacheka au wamekasirika.

Tulitembea zaidi kuliko mara moja. Kulikuwa na bwawa la kumwagilia mwisho wa shamba, shimo kubwa lililotandikwa plastiki nyeusi, na Baba alitaka kuona kama kuna bata. Njiani alinyamaza. Nilimuuliza jina la ndege fulani wa samawati, hakunijibu. Nikamuuliza tena. Akageuka, akanitazama, na uso wake ulikuwa umelowa, maji yanamdondoka kidevuni, ilhali asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Asya," akasema, "maji yanakupwa. Njoo upesi."

Mimi jina langu Zuwena. Asya alikuwa dada yake Baba, aliyekufa kwa homa Unguja akiwa mdogo kuliko mimi. Nilikuwa najua hivyo tu, na ilitosha. Nilifikiri anamuona.

"Baba, ni mimi. Zuwena."

"Njoo upesi, Asya. Mama atatutafuta."

Akaanza kwenda, si kwa mwendo wake, bali kwa hatua za kupepesuka kama mtu anayetembea juu ya godoro, na alikuwa akiliendea bwawa. Nilimshika kanzu. Baba hajapata kunipiga maishani mwake, hata kofi la mkono. Lakini asubuhi hiyo alinisukuma kifuani nikaanguka kwenye tope, wala hakugeuka. Alifika ukingoni. Ile plastiki ilikuwa na utelezi wa kijani, na kuta za bwawa zilikuwa zimelala kwa mteremko. Anayeteleza humo hana pa kushika. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshakanyaga plastiki.

Sikupiga kelele. Mpaka leo najiuliza kwa nini. Sauti haikuwepo. Nilikimbia, na katika shamba zima hapakuwa na mtu wa kukimbilia ila yule bibi wa barakoa. Nilimkimbilia huku ninamuogopa. Nilipomfikia Kiarabu chote kilinitoka kichwani, nikasema neno moja tu, "Abui, abui," yaani baba yangu, nikaonesha kidole bwawani. Hakuniuliza kitu. Aliniacha nyuma kwa mbio, shuka lake linapepea, na mundu bado uko mkononi.

Alimshika Baba kwa ukosi wa kanzu kwa nyuma, kama mtu anavyomshika mbuzi, akamvuta mpaka wakaanguka wote wawili kwenye mchanga. Baba akapigana kidogo, kisha akalegea. Bibi akampapasa paji la uso, akaunusa mkono wake mwenyewe uliolowa jasho la Baba, akanigeukia kama mtu aliyewahi kuyaona hayo.

"Babako ana sukari?"

Nikajibu kwa kichwa kwamba anayo.

Akafungua kifurushi kiunoni mwake. Mlikuwa na tende, chakula chake cha asubuhi. Akaibana moja kwa vidole mpaka ikawa kama uji, akamfungua Baba mdomo kwa nguvu, akaanza kumpaka kwenye fizi.

Sasa nawaombeni mnielewe. Mtoto aliyefundishwa kwamba utamu ni sumu ya baba yake anamuona mtu asiyemjua, asiyeonesha uso, anamlisha tende kwa lazima. Nilijua kwa yakini kwamba anamuua. Nilimrukia. Nilimvuta shuka, nikampiga mgongoni, na alipotaka kutia tende ya pili nikamuuma mkono, nikauma kwa nguvu zangu zote mpaka nikasikia ladha ya chumvi na ya gati. Hakuuondoa. Aliniachia niuume mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaendelea kumlisha.

"Ile sukari ikizidi, binti," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuitarajia, "inaua polepole. Ikipungua, inaua sasa hivi. Niachie."

Nilielewa nusu yake. Nilimwachia kwa sababu taya zilichoka. Nikakaa kwenye mchanga, nikasoma sura zote nilizokuwa nimehifadhi, ambazo hazikuwa nyingi, kwa hiyo nikazirudia. Tende ya tatu. Ya nne. Mdomo wa Baba ukaanza kutafuna wenyewe. Baadaye, sijui ni dakika ngapi, alifumbua macho akaniona.

"Zuwena," akasema. "Mbona unalia?"

Alimtazama yule bibi, akaitazama miguu yake mwenyewe iliyojaa tope la kijani, akalitazama bwawa. Nikamuona anapangilia mambo kichwani moja moja, na lilipofika la mwisho akajifunika uso kwa viganja. Akamshukuru bibi kwa Kiarabu, na Kiarabu chake kilirudi kikigugumia. Bibi alikuwa anajifunga kitambaa mkononi, pale nilipomuuma. Baba akauliza kumetokea nini.

"Hakuna kitu," bibi akasema. "Binti yako ana meno mazuri."

Alitusindikiza mpaka garini, akamsimamia Baba mpaka akamaliza chapati mbili, ndipo akarudi kwenye majani yake. Hatukumuuliza jina.

Njiani Baba aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulipokaribia Ibra akasema, bila ya kunitazama, "Usimwambie mamako. Atatukataza kwenda."

"Ndiyo, Baba."

Nilidhani nimepewa jambo dogo. Kumbe hofu ya shambani ilikwisha palepale shambani, na hii nyingine ndiyo ilikuja kukaa na mimi nyumbani. Nilikuwa nikiamka usiku kusikiliza kama Baba anakoroma. Mezani nilihesabu matonge yake. Ijumaa iliyofuata alinigusa kidole cha mguu nikawa niko macho zamani. Tulikwenda mpaka Sur, tukavuka daraja la Aija, tukasimama mbele ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, maji yakiwa yamekupwa, na kulikuwa na heroe wekundu-wekundu wengi, wamesimama kwa mguu mmoja. Watu hutoka mbali kuja kuwaona. Baba alinipa darubini nikaiweka machoni, lakini chini yake nilikuwa nikichungulia mikono yake kama inatetemeka. Alipojifuta jasho nilimtia tende mdomoni bila ya kumwambia kitu. Akaitafuna.

Maana nilikuwa nimeanza kuiba. Tende, vipande vya halua, hata sukari kwenye kijikaratasi. Nilijaza mifuko yote ya nguo zangu, za shule na za kulalia, nisije nikakutwa mikono mitupu. Na vitu vitamu, kama mjuavyo, havikai kwa siri. Siku moja Mama alikuwa anatia nguo kwenye mashine, akaona safu ya sisimizi inatoka kwenye kapu la nguo chafu mpaka ukutani, wamejipanga kama mahujaji. Akatia mkono mfukoni mwa gauni langu.

"Zuwena, tende hizi za nani?"

Nilitaka kusema zangu. Ikatoka, "Za Baba asife." Na baada ya hapo yakamwagika yote: bwawa, Asya, bibi wa barakoa, mkono niliouuma, na kwamba nimeahidi kutosema. Nililia zaidi kwa ahadi kuliko kwa bwawa. Mama alikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji, akanipakata kama nilipokuwa mdogo, na moyo wake niliusikia ukienda mbio.

Baba aliporudi kazini walifunga mlango. Mama hakupandisha sauti. Nilisikia sentensi moja tu. "Umemfanya mtoto akulinde, na mimi nipo?" Siku mbili Baba hakusema na mimi zaidi ya salamu, na mimi niliamini kwamba nimemsaliti na hatanipenda tena. Siku ya tatu alikuja chumbani baada ya magharibi, akakaa kitandani, akanyoosha kanzu yake.

"Umefanya sawa," akasema. "Aliyekosea ni mimi."

Tangu hapo tulikwenda watatu. Mama hakuwa na haja na ndege hata mmoja. Alikaa garini mlango wazi, anashona kofia, na kila saa alipiga honi, Baba akarudi kula mbele yake, na ndege wote wakaruka. Baba alilalamika sana. Mimi, kwa mara ya kwanza msimu ule, niliwaona ndege.

Mengine niliyaelewa nikiwa mtu mzima na watoto wangu. Baba sasa ni mzee, anaona kwa tabu, na mimi ndiye ninayeendesha gari. Mwaka jana nilimpeleka hospitali kwa miadi yake, na tukiwa tunasubiri akaanza mwenyewe, kama mtu anayetaka kutua mzigo kabla hajaitwa jina. Akasema siku ile mikono yake ilishaanza kutetemeka tangu getini, naye alijua ni nini, ila alitaka kuwaona bata kwanza. Akasema haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa anaogopa kutembea peke yake, ndiyo maana akawa ananiamsha mimi. Angewachukua kaka zangu, wangemwambia Mama. "Wewe ulikuwa mtoto wa kunyamaza," akasema.

Utotoni nilidhani katika shamba lile aliyeogopa ni mimi peke yangu. Hasira ilinijia, kwa ajili ya yule mtoto mwenye tende kwenye nguo za kulalia, na ilikuwa hasira ya haki. Na papo hapo nikamuona mwanamume wa miaka arobaini na kitu, anayeona haya kumwambia mkewe kwamba anaogopa, akitafuta nyumba nzima mtu wa kumshika kanzu.

Nikamwambia kwamba Ijumaa zile, Sur na kwengineko, mimi sikuwa nikiwatazama ndege.

"Najua," akasema Baba. "Mimi pia sikuwa nikiwatazama. Nilikuwa nakuona wewe unavyonitazama."

Ndipo wakamwita jina, nikamshika mkono tukaingia.