Ndimu, Jivu na Kichocheo

Niliusugua utafiti wa mpwa wangu kwa ndimu na jivu mpaka ukang'ara. Nalisema mwenyewe, kabla jirani hajaniwahi.

Mpwa wangu, binti wa dadangu, anasomea kemia chuoni na anakaa nami huku Mji wa Kale, katika nyumba aliyotuachia mamangu. Mimi niliishia kidato cha nne, na safari yangu ndefu ni kwenda Biashara Street kununua kitambaa cha pazia. Watani huniita mwali, kwa vile sitoki ndani.

Siku hiyo aliacha sahani dirishani, ndani yake vibati vyembamba, ncha zake nyeusi tititi.

"Mjomba, vinakauka. Kesho asubuhi nawaonyesha walimu wangu," akasema, akaenda zake.

Dirisha la jirani latazamana na langu. Chumvi twapeana mkono kwa mkono. Akachungulia. "Masizi hayo! Mamako angekuwa hai angeona haya."

Hapo alinipata. Mamangu hakuweza kuvumilia doa. Idi ikikaribia alishusha masinia yake ya shaba uani, akanikalisha na nusu ya ndimu na jivu la jikoni. "Sugua mpaka uyaone meno yako." Harufu ile ndiyo utoto wangu. Basi nikatafuta ndimu, nikasugua kibati baada ya kibati, najiona mtoto mwema kweli. Kilipobaki kimoja, muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe. Nikakiacha jikoni kando ya jivu, nikashuka barazani kunywa.

Mpwa wangu aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi sakafuni na sahani mapajani, akanieleza taratibu. Weusi ule ni unga alioupika kwa miezi, unaitwa kichocheo. Ini likianza kuugua, damu hubadilika. Tone lake likigusa kibati, unga unaharakisha mambo mpaka umeme kidogo unatokea, nao unapimika. Ugonjwa unajulikana mapema, kabla macho hayajageuka manjano.

"Na huo unga, hauishi?"

"Hauishi, mjomba. Unachochea wengine, wenyewe hauungui."

Nikacheka, nikatupa jicho dirisha la jirani, naye mchochezi asiyeungua. Mpwa wangu hakucheka, na kicheko changu nami kikanikauka. Macho ya mamangu yaligeuka manjano mwezi wa Ramadhani. Tukasema ni funga, ni uchovu. Tukampa maji ya miwa. Tulipompeleka hospitali, tukaambiwa ini limeharibika zamani. Idi ile masinia hayakushushwa.

"Ni kwa sababu ya bibi nilianza kazi hii," akasema, kana kwamba ameyasikia mawazo yangu.

Ndipo nilipokikumbuka kibati kilichobaki. Nikamletea. Akakidondoshea maji ya majaribio kutoka kichupa chake, akakiunga na kijisanduku chake cha kupimia umeme, na sote wawili tukaikodolea macho simu yake. Mstari ukasita, kisha ukapanda. Akashusha pumzi. Kimoja kitatosha kuonyesha kesho. Vingine atavipika upya.

Machozi yakanitoka, nikajipangusa kwa pazia.

Jirani alikuwa bado pale pale, viwiko dirishani. "Mwali wee, usijitie kulia. Hicho kimoja kimeponywa na uvivu wako, si akili zako."