Bakuli la Magesa

Harufu ya ubani na samaki anayechemka kwenye sukari iliyoungua hunijia popote, hata kanisani, na kila mara hunirudisha kwenye ukuta mfupi uliotenganisha ua wetu na wa Mama Minh, pale Pasiansi. Alikuja kutoka Vietnam na mumewe, fundi wa minara ya simu, na mtaa mzima ulimwita kwa jina la mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka mmoja kabla, kaka yangu Magesa alizama ziwani alipokwenda kuogelea, na mama, aliyekuwa Mama Magesa tangu mimi sijazaliwa, akawaambia majirani kwamba kuanzia sasa yeye ni Mama Neema, kwa jina langu. Sahani ya kaka ikaondolewa kabatini. Jina lake halikutajwa tena nyumbani, nami niliogopa kwamba tukizidi kunyamaza atadhani tumemsahau, kisha atakuja kuuliza.

Kwa Mama Minh kulikuwa na maneno machache na chakula kingi, basi nikahamia huko. Watu wasioonja chakula cha Vietnam hunionea huruma nikiwasimulia, kumbe mimi ndiye ninayewahurumia. Kuna pho, supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu alfajiri na mdalasini na tangawizi iliyobabuliwa motoni, ikamwagwa juu ya tambi za mchele na majani mabichi. Kuna chapati ya unga wa mchele na manjano, nyembamba, inayokaangwa hadi kingo zake zinavunjika mkononi. Na kuna huyo samaki wa sukari, sato aliyepikwa polepole kwenye chungu mpaka mchuzi ukawa mweusi na mzito, mtamu na wenye chumvi, na pilipili zimekatwakatwa juu. Kiungo chake kikuu alikitengeneza mwenyewe kwa kuvundika dagaa na chumvi kwenye ndoo, na harufu yake ikawapeleka majirani kwa mjumbe wa mtaa kulalamika. Mimi ningeweza kukinywa.

Siku moja nilimkuta amepika vyote hivyo, akavipanga kwenye meza ndogo mbele ya picha ya mvulana, akawasha vijiti vya ubani. Kwa Kiswahili chake cha sokoni alinieleza kwamba Minh alifariki huko kwao tarehe kama hiyo. Minh hula kwanza, hula mvuke. Ubani ukiisha, walio hai nao wanakula. Nilirudi nyumbani, nikaitoa picha ya Magesa ndani ya Biblia ya mama, nikaruka nayo ukuta. Mama Minh aliitazama, akaniuliza jina lake, akaenda kuleta bakuli jingine.

Mama alipofungua Biblia na kukuta picha haipo, alijua pa kunitafuta. Alisimama mlangoni na khanga yake ya jikoni. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, tulioonywa kila Jumapili juu ya mambo ya mizimu, nikajua leo nimekwisha. "Karibu, Mama Magesa," alisema Mama Minh. Mama alisogea mezani, akainamia bakuli la kaka, akaanza kuokota vipande vya pilipili kwa vidole, kimoja kimoja.

"Huyu wangu hali pilipili," alisema.

Kisha akakaa sakafuni akalia mpaka ubani ukaisha. Tulipofika nyumbani alinikataza kurudi kule, na miezi michache baadaye Mama Minh na mumewe wakahamishwa.

Siku hizi tambi za mchele zinauzwa madukani mjini na mapishi yamejaa kwenye simu, lakini samaki wangu hajawahi kufika ule weusi. Mama ni mzee sana, anaishi nami Mkolani, na mara nyingi hanijui. Kila mwaka, siku aliyozama kaka, naweka bakuli mbele ya picha yake. Sisemi kwamba anakuja, ila bakuli hilo sijawahi kuliacha peke yake chumbani. Mwaka huu, kama kawaida, sikutia pilipili. Mama alilikagua, akaniuliza ni la nani, nikamwambia ni la Magesa.

"Magesa ni mtu mzima sasa," akasema. "Mtilie pilipili."

Nikaenda jikoni kuikata.